SOMO LA UJENZI: MAJI YALIYOJIFICHA KATIKA NYUMBA ZA KALE NA NAMNA YA KUYASHUGHULIKIA

Utangulizi

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe wa Zanzibar iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Lilibaki limesimama baada ya mizinga ya manowari za Waingereza kuushambulia mji tarehe 27 Agosti, 1896. Lilistahimili pia zaidi ya miaka mia moja ya mvua na upepo wa bahari. Hata hivyo, mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilikuwa imekwisha kuanguka, na kwa miaka mingi udhaifu ulikuwa ukiongezeka ndani yake.

Tukio hilo linafundisha jambo ambalo kila mtumishi mwenye dhamana ya jengo la umma, na kila mkazi mwenye nyumba ya urithi, anapaswa kulizingatia. Nyumba ya kale haiko katika hatari wakati wa kutelekezwa tu. Huwa katika hatari hata wakati wa kutengenezwa, endapo fundi ataanza kubomoa na kupakia uzito kabla ya kujua hali ya kuta, sakafu na boriti kwa ndani.

Somo hili linahusu adui mmoja wa nyumba hizo, nalo ni maji yasiyoonekana. Limekusudiwa wakazi wa Mafia na visiwa vyake, pamoja na watumishi wanaosimamia nyumba za Serikali, shule, misikiti na maghala ya zamani.

Nyumba za kale zilivyojengwa

Majengo mengi ya zamani ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na mchanga. Kuta zake ni nene, mara nyingi kati ya sentimita 40 na 60. Sakafu za juu na mapaa bapa yalibebwa na boriti za mikoko. Juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha zege la chokaa likashindiliwa kwa muda mrefu hadi likawa gumu. Kwa kuwa boriti haziwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vingi vilikuwa vyembamba, vyenye upana wa mita mbili na nusu hadi tatu.

Katika Mafia, mfano wa ujenzi huo unaonekana katika magofu ya Kua, kisiwani Juani, na katika majengo ya Chole, ambako Wajerumani waliweka makao ya utawala wao kabla ya kuyahamishia Kilindoni mwaka 1913. Anayetembelea Chole leo huona mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu ikiwa imekumbatia kuta. Mizizi hiyo haikuanza ikiwa mikubwa. Mbegu ndogo iliangukia katika ufa wenye unyevu, ikaota na kuupanua ufa mwaka hadi mwaka. Pasipokuwa na unyevu, mbegu haioti.

Ifahamike kuwa ukuta wa matumbawe na chokaa haukukusudiwa kuzuia maji kabisa. Hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua na upepo. Wazee walisema nyumba inapumua. Maadamu unyevu unaotoka ni mwingi kuliko unaoingia, ukuta hukaa salama kwa karne nyingi. Madhara huanza pale mizani hiyo inapovurugika.

Njia tano za maji

Kwanza, maji huingia kwa paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo, paa la mita za mraba 100 hupokea lita 5,000 kwa mvua ya milimita 50, nayo ni mvua kubwa inayoweza kunyesha kwa siku moja wakati wa masika. Milizamu ikiziba kwa majani, maji hayo hutuama, hutafuta ufa na kushuka ndani ya ukuta. Doa linaloonekana chumbani huenda likawa mbali na mahali maji yalipoingilia, kwa kuwa maji hufuata boriti kabla ya kudondoka.

Pili, maji hupanda kutoka ardhini. Mawe ya matumbawe yana vitundu vingi, nayo hufyonza maji kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta. Unyevu huo kwa kawaida hufika kimo cha mita moja hivi, ukaacha mstari wa doa sambamba na sakafu.

Tatu, maji hupigwa na upepo. Mvua ya Kusi hugonga ukuta wa upande mmoja kwa nguvu na kupenya katika nyufa na pembeni mwa fremu za madirisha. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei, 2024, kilikumbusha kuwa ukuta uliozoea mvua ya kutoka juu unaweza kupigwa na mvua ya kutoka ubavuni.

Nne, maji hutoka katika vifaa vilivyoongezwa baadaye, yaani mabomba, vyoo vya ndani, makaro na matangi yaliyowekwa juu ya paa. Nyumba nyingi za kale hazikujengwa ili kubeba vitu hivyo. Bomba linalovuja tone moja kwa sekunde humwaga lita kadhaa kila siku, na ukuta mnene unaweza kuyaficha maji hayo kwa miezi mingi.

Tano, chumvi huvuta maji kutoka hewani. Katika visiwa vidogo kama Shungimbili, upepo wa bahari hufika kutoka pande zote, na chumvi hujilimbikiza ndani ya lipu. Hewa inapokuwa na unyevu, chumvi hunywa maji. Hewa inapokauka, chumvi huganda na kutanuka ndani ya vitundu vya jiwe, ikaisukuma lipu hadi inapukutika. Ndiyo sababu ukuta unaweza kuonekana umelowa hata pasipokuwa na mvua wala bomba.

Kosa la saruji

Katika karne ya 20, saruji ilipata sifa kuwa ndiyo dawa ya kila ukuta mbovu. Kuta za chokaa zikapigwa lipu ya saruji nje na ndani, kisha zikapakwa rangi ya mafuta. Kwa mwaka wa kwanza nyumba hupendeza. Lakini maji yanayopanda kutoka ardhini, au yanayoingia kupitia nyufa nyembamba za saruji, hukosa njia ya kutokea. Unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta mahali pa kutokea. Nyuma ya lipu ngumu, chokaa ya zamani hulainika na kuwa unga, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza zikiwa hazionekani.

Kosa la pili ni kuongeza tabaka la zege juu ya paa linalovuja. Zege la unene wa sentimita 5 lina uzito wa takriban kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Juu ya chumba cha mita 3 kwa mita 6, uzito ulioongezwa ni zaidi ya kilo 2,100, na mzigo huo wote huwekwa juu ya boriti ambazo huenda ncha zake zimekwisha kuoza. Paa hilo likilowa tena, uzito huongezeka zaidi. Mwenye nyumba hudhani ameziba tundu, kumbe ameongeza mzigo juu ya wanaolala chini yake.

Namna ya kukagua

Ukaguzi wa kwanza ufanywe wakati wa mvua. Nyumba inayokaguliwa wakati wa kiangazi pekee huficha nusu ya maradhi yake. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi, nyundo ndogo ya mbao, bisibisi, timazi, pimamaji, penseli, kipande cha nailoni na daftari. Kabla ya kugusa ukuta uliolowa, umeme wa sehemu hiyo uzimwe.

1. Kuangalia. Mkaguzi aanze nje, kutoka paa hadi msingi, ndipo aingie ndani. Aandike kila doa, ufa, rangi iliyovimba, unga mweupe wa chumvi, kuvu, mmea ulioota ukutani na njia ya mchwa. Mchwa hupenda mbao zenye unyevu. Kwa hiyo, pale walipo, maji nayo yatafutwe.

2. Kusikiliza. Lipu igongwe polepole kwa nyundo ya mbao. Mlio mzito huashiria lipu iliyoshika, na mlio wa uwazi huashiria iliyoachana na ukuta. Mipaka ya sehemu yenye uwazi ichorwe kwa penseli.

3. Kuchoma boriti. Bisibisi ichomwe katika boriti karibu kabisa na mahali inapoingia ukutani, kwa kuwa hapo ndipo uozo huanzia. Mti mzima huikataa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, boriti hiyo ihesabiwe kuwa haibebi kitu, hata kama sehemu yake ya katikati ni nzima.

4. Jaribio la nailoni. Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kibandikwe ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa utepe, kisha kiachwe kwa siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa ukuta, maji yamo ukutani. Yakitokea upande wa chumba, tatizo ni unyevu wa hewa, na dawa ya kwanza ni kufungua madirisha.

5. Kufuatilia nyufa. Kidonge chembamba cha lipu kibandikwe juu ya ufa na kuandikwa tarehe. Kikipasuka, ufa bado unatembea. Ukingo wa doa nao uchorwe kwa penseli pamoja na tarehe, ili ijulikane kama linakua au linapungua.

Daftari la ukaguzi ni mali ya jengo. Mtumishi anapohamishwa, amkabidhi mrithi wake daftari hilo pamoja na funguo. Majengo mengi ya umma hukaguliwa upya tangu mwanzo kila anapofika mkuu mpya, na muda huo unapopotea, maji huendelea na kazi yake.

Mpangilio wa kazi

Utaratibu ni jambo la msingi kuliko ufundi wenyewe. Hatua zifuatazo zisigeuzwe.

Hatua ya kwanza ni kulinda watu. Chumba chenye boriti zilizooza kifungwe, na wakazi wahamishiwe upande mwingine. Dari lishikiliwe kwa nguzo za muda zilizosimama juu ya ubao mpana, ili uzito usitoboe sakafu. Nguzo za ghorofa ya juu zisimame sawa na nguzo za chini yake. Hakuna lipu ya kubanduliwa wala ukuta wa kutobolewa kabla ya kazi hiyo kukamilika.

Hatua ya pili ni kuzuia maji yasiingie. Milizamu isafishwe, paa lizibwe kwa chokaa, bomba bovu litengenezwe au likatwe, tangi liondolewe juu ya paa. Ardhi inayozunguka msingi ichongwe ili maji yatiririke kwenda mbali na ukuta. Mara nyingi udongo umelundikana miaka mingi hadi kimo cha nje kimezidi sakafu ya ndani. Kuuondoa udongo huo pekee huweza kuponya nusu ya unyevu. Hata hivyo, msingi usichimbwe wazi kwa urefu wote kwa mara moja. Uchimbwe vipande vipande.

Hatua ya tatu ni kukausha. Lipu ya saruji ibanduliwe taratibu, bila kupasua mawe, na ukuta uachwe wazi upigwe na upepo. Mafundi wa nchi nyingi hutumia kadirio la mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Kwa kadirio hilo, ukuta wa sentimita 50 unaweza kuhitaji miezi 20. Upepo mzuri wa baharini husaidia kuupunguza muda huo, lakini hauufuti. Moto mkali usitumiwe, maana huikausha ngozi ya ukuta na kuacha moyo wake umelowa. Chumvi inayojitokeza ifagiliwe kwa brashi kavu na kutupwa mbali. Isioshwe, kwa kuwa maji huirudisha ndani.

Hatua ya nne ni kubadilisha mbao. Boriti zibadilishwe moja baada ya moja. Ncha ya boriti mpya ipakwe dawa ya kuzuia uozo na wadudu, na pembeni yake iachwe nafasi ndogo ya hewa badala ya kukandikwa kwa saruji.

Hatua ya tano ni lipu na rangi. Chokaa ilowekwe si chini ya wiki mbili, na kadiri inavyokaa zaidi ndivyo inavyokuwa bora. Wakati wa kuizima, chokaa hutiwa ndani ya maji. Maji yasimiminwe juu ya chokaa, kwani huchemka na kuruka. Fundi akinge macho na mikono yake. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga safi. Mchanga wa pwani usitumiwe, kwa maana ni sawa na kuiingiza chumvi nyumbani kwa mkono. Lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja isizidi sentimita moja hivi, na ilindwe dhidi ya jua kali kwa kunyunyiziwa maji kidogo kwa siku kadhaa, kwa kuwa chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Mwisho ukuta upakwe chokaa nyepesi badala ya rangi ya mafuta.

Mfano wa kufikiria

Mwenye nyumba ya urithi ana fedha za kutengeneza chumba kimoja kabla ya harusi ya binti yake. Ukuta una doa, na dari limepinda kidogo. Fundi wa kwanza anaahidi kumaliza kwa wiki mbili kwa lipu ya saruji na rangi. Fundi wa pili anasema chumba kifungwe, dari lishikiliwe, paa lizibwe, na lipu isubiri mwaka ujao.

Ahadi ya fundi wa kwanza huonekana kuwa nafuu, na wageni watakuta ukuta mweupe. Lakini chini ya dari hilo ndipo watakapoketi wageni wenyewe. Fedha ile ile ikitumika katika nguzo za muda na kuziba paa, chumba hakitapendeza mwaka huu, bali nyumba itabaki na watu wake watabaki. Harusi inaweza kufanyika uani.

Uamuzi wa namna hiyo humkabili pia mkuu wa idara anayepaswa kutumia fedha kabla ya mwaka wa Serikali kumalizika tarehe 30 Juni. Inashauriwa kazi ya jengo la kale igawanywe katika mafungu: fungu la ukaguzi, la kuegemeza na kuzuia maji, na la umaliziaji. Fungu la umaliziaji lisiombwe kabla daftari halijaonyesha kuwa ukuta umekauka. Aidha, itengwe akiba kwa ajili ya yale yatakayofichuka lipu ikibanduliwa, kwa kuwa hayakosi.

Sheria za kuzingatia

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Mwenye nyumba ya aina hiyo apate ushauri na kibali kabla ya kubomoa au kuuza chochote.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Matumbawe hai yasivunjwe baharini kwa ajili ya mawe au kuchoma chokaa, wala mikoko isikatwe bila kibali. Mawe mazuri yaliyoanguka kutoka katika ukuta uleule yakusanywe na kutumiwa tena. Itakuwa kazi isiyo na maana kuponya nyumba moja kwa kuliharibu tumbawe linalokilinda kisiwa kizima dhidi ya mawimbi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini doa la dari huenda lisiwe chini ya tundu la paa?
2. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 30, ni lita ngapi zinapaswa kuondolewa, na katika nyumba yako zinaelekea wapi?
3. Kwa nini boriti huoza kwanza ukutani na si katikati?
4. Ni hatua gani inayotangulia kubandua lipu?

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba za kale inafaa kuongezwa kwamba ufa usizibwe kabla ya kujulikana maji yanakotoka, na mtu asipande darini kabla ya dari kushikiliwa. Wakazi wanahimizwa kufanya ukaguzi wa nyumba zao katika masika yajayo, kuandika wanayoyaona, na kutoa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji au ya kata pale wanapoona boriti iliyooza, dari lililopinda au ufa unaotembea. Taarifa itolewe jengo likingali limesimama.